Siku Watu Walipohama na Kipa

Mimi mpira siutazami, naucheza kwa mdomo. Wanangu wanalijua hilo, majirani zangu hapa Kahama wanalijua, na kijana mwenye banda la kuonyesha mpira karibu na stendi amenitengea kiti cha nyuma kabisa. Si kwa heshima. Ni kwa sababu nikikaa mbele watu hawamsikii mtangazaji. Nimestaafu ualimu, miguu inavimba jioni, na daktari ameniambia nipunguze chumvi na hasira. Chumvi nimepunguza.

Watu huniuliza ugonjwa huu niliupata wapi, mwanamke mtu mzima, tena mwalimu. Nawajibu kwamba mbegu niliitoa nyumbani Ushetu, kwenye redio ya baba yangu, tukichambua tumbaku huku mtangazaji anapiga kelele mpaka tunasahau majani mkononi. Lakini ugonjwa wenyewe, ule wa kutotibika, niliupata chuoni. Nami chuo sikwenda nikiwa binti. Nilikwenda nikiwa na mjukuu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wa siku nyingi, mwenye cheti cha zamani, nikaona vijana niliowafundisha kusoma wanakuja kuwa wakubwa zangu kazini. Nikasema, ebo, hivi mimi nimelogwa? Nikaomba nafasi ya stashahada, nikapata, nikafunga begi. Mume wangu akaniuliza kama akili zangu ziko sawa. Nikamwambia akili ndizo ninazozifuata huko. Alicheka, na siku ya safari alinibebea godoro mpaka kwenye basi, Mungu amrehemu.

Chuo kilikuwa hapahapa mkoani Shinyanga, kando ya barabara ya vumbi. Upande huu wa barabara kuna madarasa, mabweni na uwanja wa mpira. Upande wa pili kuna uwanja wa mnada wa ng'ombe. Ukisimama golini unasikia madalali wanavyobishana bei ng'ambo, na siku za mnada refa alisimamisha mchezo ili mifugo ipite, maana ng'ombe wa Kisukuma hajui kona wala katikati ya uwanja. Magoli yalikuwa ya miti ya mgunga. Nyavu hazikuwepo, kwa hiyo kila goli lilizua ugomvi kama limepita ndani au nje, na kila ugomvi nilikuwemo.

Bwenini niliishi na mabinti wa miaka ishirini. Walinipa kitanda cha chini bila kuombwa, wakaniita mama mbele yangu na Bibi Bweni nyuma yangu. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu na mimi niliwapachika majina yao. Wao walinifundisha kutumia simu ya kugusa, mimi nikawafundisha kupika dagaa wasinuke bweni zima. Alfajiri kengele ikigongwa tulitoka mchakamchaka. Matroni aliniambia kwa umri wangu ninaruhusiwa kubaki, nikamwambia sikuja kubaki. Nikakimbia nyuma ya wote, ninaimba kuliko wote. Mchana foleni ya ugali na maharage, jioni mpira. Jamani, raha niliyoipata pale sijawahi kuipata tena. Nilikuwa sina mtoto wa kulisha, sina mume wa kupigia pasi, nina daftari, bakuli na timu.

Kipa wetu alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mikono inakaribia magoti. Alitoka vijiji vya kule Kharumwa, yuko mwaka wa mwisho kama mimi, na darasa la hisabati tulikaa dawati moja. Aljebra ilinikataa kabisa. Mimi niliisoma zamani kwa kukariri, na sasa wakufunzi walitaka nieleze kwa nini. Kijana yule ndiye aliyenifungua kichwa. Baada ya chakula cha jioni alichora mchangani kwa kijiti, ananiuliza swali, ananingoja, hata nikikosea mara kumi uso wake haubadiliki. Nimefundisha na walimu wengi maishani mwangu, na subira ya namna ile nimeiona kwa wachache sana.

Kasoro yake golini ilikuwa moja. Mpira ukiwa mbali alikuwa anacheza ngoma. Mabega yanaanza taratibu, kisha shingo, kisha miguu inakanyaga mstari wa goli kwenda na kurudi, na mikono imefunguka kama anataka kuruka. Mpira ukija anaudaka, halafu anaupigapiga kifuani kama ngoma kabla hajauachia. Mabinti wa bwenini walikuwa wanakufa kwa kicheko. Mwalimu wa michezo alikuwa anakufa kwa hasira. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini, mgeni kwetu, mtu mwema lakini mkavu, na alimkanya waziwazi kwamba golini si harusini, na akimwona tena anatikisika atamweka kipa wa akiba. Kijana akatii. Akawa anasimama wima kama nguzo ya umeme, na mimi nilimhurumia, maana ile haikuwa mbwembwe. Ilikuwa damu. Baba yake alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, anayejulikana kuanzia Kharumwa mpaka huku Kahama. Nilimwona nikiwa bado kijana. Mzee yule akiinua mguu, watu huacha mauzo yao chini.

Sasa tukaingia fainali. Mashindano ya vyuo vya jirani, zawadi kikombe na dume la ng'ombe, na mchezo uko nyumbani kwetu. Bweni letu zima lilichanganyikiwa. Wiki hiyohiyo, mchana mmoja, yule manju akafika chuoni.

Alikuja na baiskeli, ameiegemeza kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, amekaa kwenye benchi la nje na kofia yake magotini. Mwalimu wa michezo alijaribu kumsikiliza akashindwa, kwa sababu mzee alianza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kisukuma. Wakatuma niitwe. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniita mayu, yaani mama, kwa heshima ya kwetu, nami nikakaa chini kando ya benchi lake kama inavyotakiwa.

Habari yake ilikuwa fupi. Magoti yamechoka. Ngoma yake haina mrithi. Mwanawe mkubwa alikwenda machimboni upande wa Geita, na akirudi nyumbani anarudi na nyimbo za kwenye simu. Amebaki huyu wa pili, na huyu ana miguu. Mavuno yamekwisha, msimu wa ngoma umeshafunguka, wapinzani wameshaanza kuzunguka vijijini. Kwa hiyo amekuja kumchukua. Mwalimu wa michezo akaruka, akasema kijana amebakiza mitihani ya mwisho tu, akiondoka sasa anaondoka mikono mitupu. Nikamtafsiria mzee. Mzee akasema ngoma haingoji mitihani, na wala hakusema kwa ukali.

Kijana aliitwa, akasimama mbele yetu ameinamisha kichwa. Niliona baba anaongea juu yake na mwalimu anaongea juu yake, na hakuna anayemuuliza. Mimi hilo sikulivumilia. Nikamuuliza mwenyewe anataka nini. Akamgeukia baba yake.

"Nataka kumaliza, baba. Nataka kufundisha."

Mzee hakukasirika. Ndipo nilipoanza kuogopa, maana manju akinyamaza anatunga. Akavaa kofia, akasimama, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie:

"Jumamosi unacheza mpila wako hapa. Na mimi nitacheza pale mnadani, saa hiyohiyo. Watu watasema. Wakibaki kwako, baki. Wakija kwangu, unakuja nao."

Kwa asiyejua mambo yetu nieleze. Kwetu ngoma mbili hushindana kwa kuchezwa wakati mmoja, moja huku na nyingine kule. Hakuna refa wala alama. Watu wana miguu, wanakwenda wanakotaka, wanahama na kurudi. Jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi, na aliyekimbiwa hana rufaa. Nimeona wanaume wazima wakifunga ngoma zao huku machozi yanawatoka, na hakuna aliyebisha. Kwa hiyo mzee yule hakuwa amemwonea mwanawe. Alimpeleka kwenye mahakama pekee aliyoiamini, ile iliyomhukumu yeye mwenyewe maisha yake yote.

Mwalimu wa michezo alicheka, akasema mpira unaamuliwa na magoli. Nikamwambia asicheke. Kijana alikuwa ameshakubali, kwa sauti ndogo, na kichwa bado chini. Angeweza kukataa? Angeweza, alikuwa mtu mzima, chuo kingemtetea. Lakini mtu ataanzaje kazi ya kulea watoto wa watu huku amemwacha baba yake na kinyongo? Baadaye aliniambia hivyohivyo.

Weee, nilivyoamka siku iliyofuata! Niliwakusanya mabinti wa bwenini, nikawaambia masomo ya jioni yamehamia vijijini. Watu wawili kisimani. Watatu mashineni, wanapokoboa mpunga. Wengine kanisani, na wawili wetu Waislamu wakaenda kusimama nje ya msikiti baada ya swala. Kila mahali ujumbe mmoja: Jumamosi, mpira, chuoni, njooni nyote. Mimi nilijichukulia kilabu cha pombe, maana wanywaji wananiogopa. Na kila tulikofika tulikuta mzee ameshapita. Alikuwa na wapambe wake wawili wenye baiskeli na ngoma nyuma, wakifika kijijini wanapiga kidogo tu, halafu wanaondoka. Hawakusema hata neno. Bibi mmoja mashineni aliniambia mpira wetu ni mzuri, ila siku hiyo kuna chatu, yule ambaye mzee hucheza naye shingoni. Nikajua tumepatikana.

Jumamosi ikaja na jua lake. Wapinzani wetu walishuka kwenye lori, chuo cha upande wa Geita, vijana ambao likizo zao wanazimalizia kwenye mashimo ya dhahabu. Mapaja hayo, acha tu. Straika wao alipokuwa anapasha moto misuli, mpira uligonga mti wa goli nikasikia mti unalia. Sisi tulikuwa tumevaa kanga za rangi moja, tuna madebe, tuna filimbi, sauti zimeandaliwa kwa asali na tangawizi. Na uwanja ulikuwa mtupu! Walikuwepo wanachuo, wapishi, mke wa mkuu wa chuo na mwavuli wake. Basi. Ng'ambo ya barabara vumbi lilikuwa limepanda juu ya vichwa vya watu, na ngoma inaunguruma mpaka naisikia kwenye meno.

Nilikwenda kuchungulia, sikuweza kujizuia. Mzee alikuwa katikati, chatu amemzunguka shingoni, anacheza kwa mabega tu na magoti hayatumii, na bado alikuwa anatisha kwa uzuri. Niseme ukweli, miguu yangu ilitaka kubaki. Nikajizaba kofi la paja nikarudi kwenye timu yangu.

Mpira ulikuwa umeshaanza. Wenzetu wanashambulia, sisi tunafukuza, na kipa wetu amesimama wima katikati ya goli kama alivyoagizwa. Anadaka, anaachia. Anadaka, anaachia. Uso umekufa. Kila ngoma ya ng'ambo ikipigwa naona shingo yake inakaza, anajizuia. Nilimtazama hivyo mpaka nikaona nitapasuka. Nikazunguka uwanja mzima na miguu yangu hii, nikaenda kusimama nyuma ya goli lake.

"Mwanangu," nilimwambia, "unapigana na baba yako huku umefungwa mikono. Cheza."

Akasema mwalimu atamtoa. Nikasema mwalimu niachie mimi. Na kweli mwalimu wa michezo alikuja anakimbia na filimbi yake shingoni, akaniuliza ninafanya nini nyuma ya goli. Sikumpa nafasi. Nilimwambia yeye ana fainali moja na mimi nina fainali nyingine, na kama anamtaka huyu kijana amalize chuo basi leo anipishe. Nilimwambia kwa sauti ile ya kutulizia darasa lenye watoto mia. Akarudi kwenye benchi. Mcheza kwao hutunzwa, na pale kijana alikuwa kwao.

Ilianza kwenye mabega. Mpira uko mbali, kule kwa wenzetu, na mabega yakaanza. Ngoma za baba yake zilikuwa zinapigwa ng'ambo, na yeye akazidaka hizo pia! Akawa anacheza ngoma ileile ya mzee, lakini golini, kwenye mstari, miguu inakwenda kwa upande kama kipa anavyofuata mpira. Kulia, kulia, kulia, anachuchumaa, anaruka, kushoto. Straika wa Geita akaja na mpira, akaachia kombora, na kijana bila kukata hatua akaruka nalo, akatua nalo, akalipiga kifuani mara tatu kujibu ngoma ya ng'ambo. Mabinti walipiga vigelegele mpaka kunguru wakaruka kwenye paa la bwalo.

Wa kwanza kuja walikuwa wachunga ng'ombe, na fimbo zao. Wakasimama nyuma ya goli, wanatazama miguu. Wakaja wauza miwa. Wakaja akina mama na ndoo vichwani. Nikaona mmoja anarudi mnadani, nikataka kumshika, kumbe ameenda kuwaita wenzake. Watu wanavuka barabara, wanaulizana huyu ni nani, wanajibiwa ni mwana wa manju, eti anamjibu baba yake. Hiyo habari ilitosha. Ilipofika mwisho wa kipindi cha kwanza, nyuma ya goli letu pamejaa mpaka nimesukumwa kwenye mti wa mgunga na kupoteza kiatu kimoja.

Sasa sikilizeni. Baada ya mapumziko timu hubadilishana magoli, kila mtu anajua. Watu wetu hawakujua, wala hawakujali. Walipomwona kipa anakwenda goli la pili, umati wote ukanyanyuka, wazee, watoto, fimbo, ndoo, na ukakata katikati ya uwanja kumfuata. Refa anapuliza filimbi, hakuna anayemsikia. Walipita juu ya mstari wa kati kama ng'ombe wa mnada, wakaenda kujipanga nyuma ya goli jipya. Kipa wa Geita akabaki upande wa pili na jua lake, hana hata mbwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Niliona, kwa macho yangu haya, kwamba watu wote wale hawajaja kuangalia mpira. Mpira ukienda upande ule hawageuzi hata shingo.

Nikatega sikio. Ngoma za ng'ambo zilikuwa zimepungua. Ilikuwa inapigwa moja tu, kwa uchovu, halafu nayo ikanyamaza.

Umati ukafunguka. Mzee alikuwa anakuja, chatu bado yuko shingoni, na hakuna haja ya kusema jinsi watu walivyompisha. Akasimama nyuma ya goli, hatua chache kutoka kwangu. Alikuwa anatazama miguu ya mwanawe kama sisi wengine. Ngoma haikuwepo tena, kwa hiyo tukampigia kijana makofi, nami nikaanzisha wimbo kwa debe langu, na watu wote wale wakaitikia. Acheni. Nikikumbuka nywele zinasimama.

Zilikuwa zimebaki dakika za mwisho, hakuna aliyefunga, na beki wetu mmoja, sijui shetani gani alimpitia, akaushika mpira kwa mkono ndani ya boksi. Penalti.

Straika yule mwenye mapaja akauweka mpira chini. Kijana wetu akaanza kucheza kwenye mstari, polepole, hatua ile ya upande, na watu mia na mia wanapumua naye. Niliomba kwa Mungu wa kanisani na wa mababu, nikaomba kwa jina la kila mtu. Straika akapiga. Kijana alikwenda kulia. Mpira ulikwenda kushoto.

Refa akamaliza mchezo muda huohuo. Tumefungwa. Fainali, nyumbani, kikombe kimekwenda, dume limekwenda. Wanachuo walilala chini wanalia, mwalimu wa michezo amejifunika uso kwa taulo. Na mimi nilikaa vumbini na kiatu kimoja nikalia kwa sauti. Sikulilia kikombe. Nililia kwa sababu niliona kijana yule kichwa chini golini, na baba yake nyuma yake, nikasema basi, mzee amempata.

Ndipo nikasikia kelele, na hazikuwa za msiba. Watu walikuwa wamemnyanyua! Wazee wenye fimbo walimbeba kipa mabegani, wanazunguka naye, akina mama wanampepea kwa kanga, wanaimba ushindi. Mwalimu wa michezo alikimbia katikati yao, akawaambia jamani, tumefungwa. Bibi yule wa mashineni akamuuliza kwa upole kabisa, amefungwa nani, mbona watu wote wako huku? Upande wa pili mgeni rasmi alikuwa anatoa kikombe kwa vijana wa Geita, hakuna anayewapigia makofi, na nahodha wao anatazama umati wetu kama mtu aliyeingia kwenye harusi ya watu. Kwao waliocheza mpira, wao wameshinda. Kwa nchi nzima iliyosimama pale, mshindi alikuwa huyu aliyefungwa.

Walimshusha mbele ya baba yake. Mzee akamwangalia, akauangalia umati, kisha akatazama ng'ambo, kule mnadani walikobaki vijana wake watatu na ngoma zao.

"Watu wamesema," alisema. "Baki."

Akageuka, akaondoka peke yake. Hakuwa na uso wa hasira, ila mgongo wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi, na mimi niliyekuwa nimeitafuta siku hiyo kwa mdomo na kwa miguu nilishindwa kupiga hata kigelegele. Nilifurahi, na roho iliniuma palepale. Kijana alisimama kidogo. Kisha akatoka mbio, glovu mikononi, akavuka barabara, nami nikamfuata nikichechemea, sikutaka kukosa.

Tulimkuta mzee ameshampa mmoja wa vijana wake yule chatu amrudishe kapuni, na ameinamia ngoma kubwa anafunga kamba. Mwanawe akashika upande wa pili ili amsaidie kuinyanyua. Mzee akamzuia. Akakaa juu ya ngoma, akanyoosha magoti yake mabovu, akamuuliza kwa Kisukuma ile hatua ya upande, ile ya kwenye mstari, kaitoa wapi, maana yeye hakumfundisha. Kijana akasema hakuitoa popote, ni ya golini, ni jinsi mtu anavyosogea akisubiri mpira.

Mzee akafikiri. Halafu akasimama, akavua viatu, akaweka mguu wake mavumbini kando ya mguu wa mwanawe. Kijana akaonyesha. Mzee akajaribu, akakosea. Kijana akangoja, uso haukubadilika, akamsogezea goti kidogo kwa mkono, akaonyesha tena. Kulia, kulia, kulia, chuchumaa. Mzee akakosea tena, akacheka, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza.

"Rudia hapo," alisema. "Polepole, mwalimu."